Kufuatilia Magonjwa ya Kupe kwa Gharama Nafuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wafugaji, kamati za majosho, vikundi vya maziwa na maafisa mifugo wa kata wanaoona ndama wakifa kila mwaka lakini hawana fedha za kupima kila mnyama. Habari nyingi humu ni za ng'ombe, kwa kuwa hasara kubwa iko huko. Binadamu nao wana sehemu yao kuelekea mwisho.

Ni magonjwa gani hasa tunayoyafuatilia?

Kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki ni manne. Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, na hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Ndigana baridi humaliza damu polepole, na mnyama huonekana mweupe au wa manjano kwenye fizi na macho. Mkojo mwekundu hujitaja wenyewe. Maji moyo huletwa na kupe wakubwa wenye madoa ya rangi, na huua mbuzi na kondoo pia.

Makadirio ya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliweka hasara ya magonjwa haya kwenye dola milioni 364 za Marekani kwa mwaka, pamoja na vifo vya ng'ombe wapatao milioni 1.3. Ndigana kali peke yake ilichukua asilimia 68 ya hasara hiyo. Mwenye fedha kidogo aanze na ndigana kali.

Mimi naogesha kila wiki. Ya nini tena kufuatilia?

Kwa sababu kuogesha ni gharama, na bila kufuatilia hujui kama gharama hiyo inakulipa. Kupe wa sikio akishauma, vimelea vya ndigana kali vilivyo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku chache, kwa kawaida tatu hadi tano, ndipo vikomae na kuingia mwilini mwa ng'ombe. Kupe aliyepanda siku moja baada ya josho ana muda wa kutosha kumwambukiza mnyama kabla ya josho la wiki inayofuata. Ndiyo maana Afrika Kusini, ilipokuwa ikipambana na ugonjwa huu mwanzoni mwa karne ya 20, ilifikia kuogesha kila baada ya siku tatu au tano. Hata hivyo josho halikutosha peke yake. Ilibidi kuzuia mifugo isihamishwe na kuchinja makundi yaliyoambukizwa hadi ugonjwa ulipotokomezwa katikati ya miaka ya 1950.

Kuna na upande wa pili. Wapo wanaoogesha mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa ng'ombe wa asili, wakimwaga fedha na kuwazoesha kupe dawa. Kumbukumbu ndizo zitakazokuambia uko upande gani.

Nina fedha kidogo sana. Nianze na nini?

Anza na daftari na kipimajoto. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu nimeona miradi ikianza na mashine za maabara na kuishia bila kujua ndama wangapi walizaliwa katika kijiji husika.

Daftari liwe na mambo machache ambayo mtu atayajaza kweli: tarehe, jina au namba ya hereni ya mnyama, umri, alichoonekana nacho (homa, tezi kuvimba, kukohoa, mkojo mwekundu, kuzungukazunguka), dawa aliyopewa, na matokeo yake, amepona au amekufa. Ukurasa mwingine uandike kila ndama anayezaliwa. Huo ukurasa wa pili husahaulika, nao ndio wenye thamani kubwa. Vifo vya ndama 9 ni balaa kama waliozaliwa walikuwa 30. Kama walikuwa 300, ni jambo jingine kabisa. Bila idadi ya waliozaliwa hakuna anayeweza kulinganisha mwaka huu na mwaka jana, wala josho hili na lile.

Vifo vya ndama ndiyo dalili moja ya bei rahisi inayosema mengi zaidi. Ng'ombe mkubwa wa asili aliyekulia eneo lenye kupe mara nyingi ana kinga. Ndama hana kinga hiyo, hasa dhidi ya ndigana kali. Vifo vikipanda ghafla, ama kupe wameongezeka, ama dawa ya josho imedhoofika, ama kuna mifugo mipya iliyoingia, na kila moja ya hayo inachunguzika kwa nguvu ndogo ukijua mapema.

Nani aandike? Katika kaya nyingi mama na watoto ndio wanaokaa na ndama, na ndio wa kwanza kuona ndama amekataa kunyonya. Daftari likikaa kwa mwenye ng'ombe ambaye hushinda mnadani, litabaki jeupe. Pale ambapo kuandika ni kazi, kijana anayesoma akae na wazee jioni moja kwa wiki ayaandike wanayoyakumbuka. Wafugaji huwakumbuka ng'ombe wao mmoja mmoja.

Kipimajoto kinasaidiaje?

Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39.5 hivi. Kwenye ndigana kali hupanda hadi 40, 41 na zaidi, mara nyingi kabla mnyama hajaacha kula. Dawa za ndigana kali, kama zile zenye buparvakwoni, hufanya kazi vizuri zikitolewa mapema na hushindwa mnyama akishaanza kutoa povu puani. Kwa hiyo kipimajoto hiki cha bei ndogo huokoa dawa ya bei kubwa.

Pima asubuhi kabla jua halijawa kali. Mnyama aliyetoka kutembea juani atakudanganya.

Nitatofautishaje ndigana kali na mengine bila maabara?

Gusa tezi. Ndigana kali huanza na uvimbe wa tezi iliyo chini ya sikio, kisha ile ya mbele ya bega, pamoja na homa. Baadaye mnyama hukohoa na kupumua kwa shida. Kwenye ndigana baridi tezi si jambo kubwa: mnyama hukonda, hupauka, na kinyesi hukauka. Mkojo mwekundu utauona. Maji moyo mara nyingi huja na kuchezacheza kwa miguu, kuzunguka, kuanguka na kupiga teke hewani.

Dalili hizi zinatosha kwa daftari. Haziwezi kuwa uthibitisho, kwa sababu mnyama mmoja anaweza kubeba vimelea viwili au vitatu kwa pamoja, na nagana inayoletwa na mbung'o hufanana sana na ndigana baridi.

Je, kioo (kile kipande chembamba cha kupakia sampuli) na hadubini bado vina maana siku hizi ambapo kuna PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kimelea?

Vina maana kubwa. Kwa mnyama anayeumwa leo, kioo cha majimaji ya tezi kilichopakwa rangi ya Giemsa ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa bei yake. Ukiona chembe nyeupe za damu zimejaa vimelea vya buluu, ambavyo hadi leo hubeba jina la mwanasayansi Mjerumani Robert Koch, umepata jibu siku hiyohiyo. Koch mwenyewe alichunguza damu ya ng'ombe Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898 na kuona vimelea vya kundi hili, ingawa wakati huo alidhani ni hatua ya ugonjwa mwingine.

Kazi ya kutengeneza kioo ni ya afisa mifugo, lakini inafaa kila mtu ajue inavyofanyika ili asije akaletewa kazi mbovu. Sehemu ya tezi hunyolewa na kufutwa kwa spiriti. Tezi hushikwa imara kwa mkono mmoja, sindano huingizwa na kuzungushwa kidogo, kisha kilichomo ndani ya sindano hupulizwa juu ya kioo kwa bomba na kusambazwa taratibu. Kioo hukaushwa kwa hewa na kuwekwa kwenye methanoli kwa dakika chache. Kwa mkojo mwekundu na ndigana baridi, tumia tone la damu kutoka ncha ya sikio au ya mkia. Andika namba ya mnyama kwa penseli kwenye ncha ya kioo, kwani wino hufutika ndani ya methanoli.

Jambo moja linaloharibu vioo vingi: usivisafirishe kwenye sanduku moja na chupa ya formalini. Mvuke wake huharibu namna rangi inavyoshika, na msomaji wa maabara hataona kitu.

Hadubini ina udhaifu mmoja mkubwa. Mnyama aliyepona akabaki na vimelea vichache mwilini atapita bila kuonekana, na hapo ndipo PCR inapostahili bei yake. Sampuli za PCR hazihitaji barafu: matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, yakafungwa kwenye bahasha kavu, husafiri kwa basi hadi maabara. Tanzania, Wakala wa Maabara ya Veterinari una vituo katika kanda mbalimbali, vikiwemo Arusha, Mwanza, Iringa na Tabora. Uliza kwanza kituo cha karibu kinafanya vipimo gani na kwa bei gani kabla ya kutoa damu.

Nipime ng'ombe wangapi?

Inategemea unauliza nini. Kama unataka kujua tu kama ugonjwa upo au haupo katika kundi kubwa, na unaamini kwamba ukiwepo utakuwa umeshika angalau mmoja katika kila kumi, basi ng'ombe 29 waliochaguliwa bila upendeleo wanakupa uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja. Ukitaka kukamata ugonjwa ulioshika watano katika mia, unahitaji 59. Ukitaka kukamata ulioshika mmoja katika mia, unahitaji 299. Hesabu hizi zinachukulia kipimo hakikosei, kwa hiyo ongeza kidogo kwa hadubini.

Tazama bei inavyoruka kutoka 29 hadi 299. Mara nyingi swali likirekebishwa, bei hushuka. Badala ya kuchukua ng'ombe wowote, wachukue walio na homa au wenye tezi zilizovimba. Vioo kumi kutoka kwa ndama wagonjwa vitakuambia mengi kuhusu kinachoua ndama kuliko vioo mia kutoka kwa ng'ombe wazima waliopita josho asubuhi. Ila usitumie kumi hao kusema "asilimia kadhaa ya ng'ombe wa kata hii wana ndigana". Hawakuchaguliwa kwa ajili ya swali hilo.

Kukusanya kupe wenyewe kuna faida?

Ndiyo, ukijua pa kutazama. Ndani ya masikio utampata kupe wa kahawia wa ndigana kali. Shingoni, mabegani na ubavuni yuko kupe wa buluu wa mkojo mwekundu na ndigana baridi. Kwenye kiwele, kifuani na kinenani wako wale wakubwa wenye madoa. Kuzunguka mkundu utakuta wenye miguu myekundu.

Hesabu upande mmoja tu wa mwili kisha zidisha kwa mbili. Ndivyo wataalamu wenyewe wanavyofanya, na kazi inapungua nusu. Ng'ombe walewale kumi wakihesabiwa kila mwezi siku ya josho, kabla hawajaingia majini, wanatosha kuonyesha kupe wanapopanda na kushuka. Weka wachache kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, na ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli: tarehe, mahali, sehemu ya mwili.

Usiwaminye kupe kwa vidole. Sababu iko kwenye swali la binadamu.

Nasikia kupe wanaweza kupimwa kwa mafungu ili kuokoa fedha. Ni kweli?

Ni kweli, na ni mojawapo ya mbinu nzuri kuliko zote, mradi itumike mahali pake. Chukua kupe 100. Ukiwapima mmoja mmoja ni vipimo 100. Ukiwachanganya kumi kumi unapata mafungu kumi, na unarudi kupima mmoja mmoja yale tu yaliyotoa jibu chanya. Kama kupe mmoja katika mia ndiye aliyeambukizwa, kwa wastani utatumia vipimo 20 hivi. Kama ni wawili katika mia, vipimo kama 28. Lakini kama ni ishirini katika mia, karibu mafungu yote yatakuwa chanya na utatumia vipimo 99, maana yake hujaokoa kitu.

Kupe wa sikio walioambukizwa ndigana kali shambani kwa kawaida ni wachache, hivyo mafungu yanafaa. Ndigana baridi kwenye damu ya ng'ombe wa maeneo yenye kupe wengi ni kinyume chake: wabebaji ni wengi mno, na kuchanganya sampuli ni kupoteza muda. Ongeza hili pia: kupe waliotolewa kwenye ng'ombe wameshakunywa damu yake, kwa hiyo jibu chanya linaweza kuwa la ng'ombe badala ya kupe. Unaotaka kujua wanabeba nini kweli ni wale wa nyasini, wanaokokotwa kwa kitambaa cheupe malishoni kabla hawajapanda mnyama.

Kipimo cha kingamwili kinaniambia nini?

Kwamba mnyama alishawahi kukutana na kimelea. Hakikuambii kama anaumwa leo. Kina faida kubwa kwa ndama wa miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa mkojo mwekundu na ndigana baridi, ndama wadogo huugua kidogo sana kuliko wakubwa; eneo ambalo karibu ndama wote wamekutana na vimelea wakiwa wadogo, ng'ombe wake wakubwa huumwa mara chache. Hatari iko eneo la katikati, ambalo nusu wamekutana navyo na nusu hawajakutana. Hapo ukiacha kuogesha kwa miezi mitatu kwa sababu dawa imeisha, utazika ng'ombe wazima wa maziwa.

Ni msimu gani wa kufuatilia zaidi?

Penye masika moja, kama Dodoma, Singida na Nyanda za Juu Kusini, kupe wa sikio waliokomaa hutoka na mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wadogo zao huonekana kiangazi. Weka nguvu zako kwenye miezi ya mvua. Penye vuli na masika, kama Tanga au kandokando ya Ziwa Victoria, kupe wako mwaka mzima. Huko hesabu ya kila mwezi haina mbadala.

Dawa ya kuogesha haiui kupe tena. Ni usugu?

Huenda, lakini anza na mambo ya bei rahisi. Dawa ilichanganywa kwa kipimo gani? Josho liliongezwa maji bila kuongezwa dawa baada ya mvua? Aliyenyunyizia alifika ndani ya masikio na chini ya mkia, au alilowesha mgongo tu? Kwa bomba la mkononi, dawa hafifu na haraka ndizo sababu za kawaida kuliko zote.

Kisha jaribu hivi: hesabu kupe hai kwa ng'ombe kumi kabla ya kuogesha kwa dawa iliyopimwa sawasawa, na hesabu tena siku ya pili au ya tatu. Wakiwa karibu idadi ileile, mwite afisa mifugo achukue kupe jike walioshiba, wakiwa hai, wapelekwe maabara watage na mabuu wao wapimwe kwa dawa mbalimbali. Usugu umethibitishwa Uganda hata kwa kupe wa sikio, na mtindo wa kurukia dawa mpya kila mwezi bila kupima ndio unaouharakisha. Andika aina ya dawa, maana majina matano ya dukani yanaweza kuwa na dawa ileile ndani.

Nimechanja ndigana kali. Bado nifuatilie?

Ndiyo. Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, humpa mnyama vimelea hai pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa muda mrefu, na kinga yake hudumu miaka. Hata hivyo pima joto la waliochanjwa kuanzia siku ya nane hadi ya ishirini na moja, kwani wachache huugua na wanahitaji dawa. Haikingi dhidi ya magonjwa mengine matatu, kwa hiyo usitupe bomba. Na wanaochunga pamoja na nyati, kandokando ya Serengeti na Ngorongoro kwa mfano, wajue kwamba vimelea vya nyati huweza kuipita chanjo. Andika namba za hereni za waliochanjwa, maana baadaye kipimo cha kingamwili hakitatofautisha chanjo na ugonjwa.

Chanjo huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni na kila mrija una dozi nyingi. Mfugaji mwenye ndama wawili atalipa sana peke yake, kikundi kitagawana.

Ng'ombe niliyemnunua mnadani?

Mtenge kwa wiki tatu hivi, mtoe kupe siku ya kwanza, mpime joto kila siku. Mnunuzi anayemleta ng'ombe wa kisasa kutoka eneo lisilo na kupe anahitaji tahadhari zaidi: huyo hana kinga yoyote.

Mnyama amekufa. Nipasue nione?

Kama damu inatoka puani, mdomoni au mkunduni na mzoga haukakamai, usipasue kabisa. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Ita afisa mifugo. Penye shaka ya maji moyo, atachukua kipande kidogo cha ubongo kwa ajili ya kioo, kipimo cha bei ndogo ambacho hakichukuliwi mara nyingi inavyostahili.

Taarifa zangu ziende wapi?

Kwa afisa mifugo wa kata kwanza. Zipo pia programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hii: AfyaData, iliyotokana na watafiti wa SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza iliyoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na EMA-i ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ubora wake ni kwamba huhifadhi taarifa pasipo na mtandao. Lakini hakuna programu itakayodumu kama anayeripoti hapati jibu. Afisa anayepokea ripoti ishirini na kunyamaza hatapata ya ishirini na moja. Ujumbe mfupi wa "tumepokea, hii ni ndigana kali, mpe dawa fulani" una thamani kuliko semina.

Na binadamu je?

Mambo mawili. La kwanza ni homa ya papasi, inayoletwa na papasi wanaoishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kuuma usiku. Inajulikana sana mkoani Dodoma. Homa hupanda, hushuka, hurudi, na kwa wajawazito ni hatari kwa mimba. Zamani mtaalamu wa zahanati akitafuta malaria kwenye kioo aliwaona vijidudu wa homa hii, wamejikunja kama kizibuo, na ufuatiliaji ukafanyika bila gharama yoyote ya ziada. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaonyeshi. Mgonjwa mwenye homa inayojirudia na majibu hasi ya malaria, hasa anayelala nyumba ya udongo, aombe kioo cha damu. Naona huu ndio uamuzi wa bei ndogo ambao zahanati za maeneo hayo zingepaswa kuurudisha mara moja.

La pili ni homa ya Crimea-Kongo, ambayo imeibuka Uganda mara kwa mara tangu 2013. Ng'ombe haumwi, lakini damu yake na kupe wake humwambukiza mchinjaji na mchungaji. Vaa glavu machinjioni, na kupe ang'olewe kwa kibano, asiminywe. Mtu mwenye homa kali na kutokwa damu aliyeshika mifugo aseme hivyo mapokezi.

Nani alipe?

Kamati ya josho. Kiasi kidogo kwenye ada ya kila ng'ombe anayeogeshwa kinaweza kununua vioo, spiriti na nauli ya sampuli kwa mwaka mzima. Fedha ya mfadhili ikija, inunue hadubini na imlipe msomaji wake mafunzo, kwa sababu hadubini bila msomaji ni pambo la ofisi.

Majibu ya maabara huja baada ya wiki kadhaa, mnyama ameshapona au ameshakufa. Yana faida gani?

Kwa mnyama huyo, hakuna, ndiyo maana matibabu hayasubiri maabara. Faida yake ni kwa uamuzi wa msimu ujao: mchanje au msichanje, mbadilishe dawa au mbaki nayo. Yabandikwe joshoni siku yanapofika, kwa Kiswahili, yakitaja kijiji bila majina ya wenye ng'ombe, na nakala ibaki ndani ya daftari la josho ili kamati itakayochaguliwa baadaye iyakute.